Nani Anasaga

Siku ya sita baada ya kimbunga
mashine yangu ilikuwa bado bubu.
Mkanda umelowa, nguzo ya umeme imelala
kwenye ufuta wa Chinduli kama mgeni aliyezidiwa na pombe,
na bati zangu mbili zilionekana mara ya mwisho
zikielekea Nangaru bila nauli.

Ndipo sakafu ikatetema.

Si sana. Kiasi cha kikombe kumgonga mwenzake kabatini,
ti-ti-ti, meno ya mtoto mwenye homa,
kisha kimya.
Nikanyoosha mkono gizani nizime swichi.
Miaka kumi na minane ya kusaga,
mkono haukuniuliza.
Swichi ilikuwa imezimwa.

Kulipokucha foleni ikajipanga mlangoni,
ndoo, viroba, mahindi yaliyoanza kuota.
Mipingo nzima ilijua hakuna moto, hakuna unga,
ila watu wataulizana wapi kama si kwenye foleni?
"Umeisikia?" "Ya saa nane?"
"Mimi nimesikia mbili."
Aliyelala fofofo akaona aibu,
akasema naye aliota.

Likwata, aliyewahi kulinda geti Madimba,
akasema ni gesi: wamefyonza, chini kumebaki pango.
"Madimba?" akadakia mtu. "Huko hata nauli hatuna,
tetemeko lije huku bure?"

Bi Nangolwa akasema ardhi imekunywa kupita kiasi,
sasa inacheua.
Akainama, akaipigapiga kwa kiganja
kama mgongo wa kitukuu.

Mwalimu Namtumbwa alikuwa na habari za uzito wa hewa,
bahari kuinuka, bahari kushuka;
alichora kwa kijiti kwenye tope
na tope likaifuta michoro kabla hajamaliza.

Mchopa wa bodaboda ndiye aliyemtaja mjusi.
"Mvua imemfukua kule Tendaguru.
Kaamka, kajipapasa, hana paja.
Paja liko Ujerumani, watu wanalikatia tiketi."
Tulicheka. Wallahi tulicheka.
Lakini babu yangu alikuwa mmoja wa wapagazi,
alibeba kipande cha ubavu kichwani siku nne hadi bandarini Lindi,
na usiku ule nilihamisha mkeka
mbali na ukuta.

Wiki ya pili akaja binti wa Jiolojia
na sanduku la chuma lisilozidi kibuyu.
Akalizika nyuma ya kinu changu,
akaniuliza: ilitikisa vipi?
Nikamwambia, kama mashine isiyo na mahindi,
inaposaga hewa.
Aliandika. Nilipenda kwamba aliandika.

"Ni kimbunga kimeileta?"
Akafuta matope kwenye kiatu, akachukua muda.
"Sijui, mama. Huenda ilikuwepo siku zote,
midogo midogo hivyo. Hapa kwako
mchana kutwa panatetemeka. Nani angetambua?"

Foleni haikulipenda jibu lile.
Walikuwa wamekuja kuchagua kati ya gesi na mjusi,
wakapewa mimi.

Nimelala nalo hilo. Miaka kumi na minane
vikombe vinagongana, nawaambia wanangu ni mashine,
na kumbe chini yetu
pengine kulikuwa na mwenye kinu chake,
mvumilivu, hana mteja, hadai mtu.

Umeme ulirudi Alhamisi.
Vigelegele mpaka msikitini.
Mkanda mpya, mahindi kwenye mdomo wa chuma,
kidole changu kwenye swichi. Nikakiacha pale.
Hakuna aliyenihimiza.
Watu arobaini na ndoo zao, kimya,
wakisikiliza kwa nyayo.

Jogoo. Mtoto akakohoa.
Kikombe hakikusema kitu, au kilisema, sina hakika.

"Washa basi," akasema Bi Nangolwa,
"tusikie kelele ya mtu tunayemjua."